Nusu ya Maneno ya Mwalimu Naserian

Namba nisiyoijua ikinipigia sishiki. Hapa kwetu ukishika kila simu utaambiwa umeshinda gari. Lakini hiyo ya Jumanne asubuhi ilipiga mara tatu mfululizo, na ya nne nikaishika nikiwa tayari kumtukana mtu vizuri. Sauti ya mwanamke ikasema, "Asalaam aleikum. Wewe ndio Rukia wa daftari?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo karibu miaka thelathini, na walioweza kuniita hivyo nilidhani wote wamekufa au wamehama. "Mimi ni Nashipai," akasema, "msichana wa Mwalimu Naserian wa Kajiado. Mama ametuacha alfajiri. Tunamzika leo baada ya adhuhuri." Nikasema yale yanayosemwa: inna lillahi, poleni sana, nakuja. Nilipokata simu, jambo la kwanza nililojiuliza halikuhusu kifo. Nilijiuliza namba yangu ameipata wapi, na huyo mtoto amejuaje habari ya daftari. Ndivyo nilivyo, sitajipamba. Hata msiba ukibisha mlangoni, mimi huupekua mifuko kwanza.

Mwaka wa daftari ni ule niliomaliza kidato cha nne, nikaja Kitengela kukaa kwa shangazi yangu Habiba nikingoja matokeo, kisha nikingoja chochote. Kitengela ya siku zile ilikuwa barabara moja, vumbi, na ploti zilizozungushiwa seng'enge bila nyumba ndani. Nyumbu walipita nyuma ya choo chetu bila haya. Msikiti ulikuwa wa mabati, na wanawake hawakuwa na nafasi humo, kwa hiyo darasa letu lilikuwa kwenye chumba cha Mwalimu Naserian, nyuma ya duka la simiti. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Zulia la kijani lililoungua kona moja kwa kaa la jiko. Dirisha dogo lililoingiza unga wa simiti hata likiwa limefungwa, ukikaa nusu saa buibui linageuka kijivu. Chupa mbili za chai, na chai yenyewe nyeupe kwa maziwa, kwa sababu Mwalimu alisema chai ya maji ni ya wagonjwa. Shangazi alileta mandazi yake, na kila mara mtu angeuliza ametia iliki ngapi, na kila mara angesema uongo. Tulikuwa wanawake kumi hivi: wauza mboga, mke wa fundi bomba, mshonaji, na mimi niliyejiona nimesoma. Alhamisi baada ya alasiri tulisoma majina ya Mwenyezi Mungu.

Mwalimu Naserian alikuwa Mmaasai wa Kajiado, aliyesilimu akiwa msichana na kusoma dini miaka mingi huko Isiolo. Masikio yake yalikuwa yametogwa na kuvutwa kimila, na ncha zake zilichungulia chini ya mtandio. Hilo peke yake lilitosha kuwaudhi watu. Lililowaudhi zaidi ni kwamba hakubadilisha jina. "Naserian kwetu maana yake ni mtu wa amani," alisema alipoulizwa. "Dini haijakataa amani. Nibadilishe nini?" Walicheka, wakanywa chai yake, wakatoka nje wakaanza. Nilikuwa nikivaa viatu mlangoni na kuwasikia. Mtu akisilimu anachukua jina la Kiislamu, huyu anaficha nini? Na kila Ijumaa anaenda Kajiado, kwani Kajiado kuna nini? Aliyeuliza kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mama Swaleh, mkubwa wa wanawake wa msikiti, mama mnene mwenye huruma ya ajabu kwa wagonjwa na asiye na huruma hata chembe kwa wenye afya. Siku moja akanishika mkono karibu na tangi la maji. "Rukia, wewe umesoma. Unaandika haraka. Kaa nyuma, andika kila kitu anasema, alafu uniletee. Si ubaya, mwanangu. Ni kulinda dini." Akanipa daftari jipya lenye jalada jekundu.

Ala! Sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivyo kwa kupewa daftari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi, sina mchumba, shangazi ananituma mafuta ya taa, na ghafla nimekuwa mlinzi wa dini. Tangu siku hiyo sikumsikiliza Mwalimu tena kama mwanafunzi. Nilimsikiliza kama mtu anayengoja mwenzake ajikwae. Akikohoa nilijiuliza kwa nini amekohoa. Akisema jina kwa Kiarabu nililinganisha na kitabu cha shangazi, nikatamani akosee irabu moja tu. Hakukosea. Ikaniuma.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa yake mwenyewe. Kila mmoja alipewa jina moja la Mungu akae nalo mwezi mzima, na kila Alhamisi aeleze ameliona wapi wiki hiyo. Alikataa mambo makubwa makubwa. Mshonaji alipewa Al-Latif, Mpole anayejua yaliyofichika, akaeleza jinsi sindano iliyomwangukia kitandani ilivyopatikana kabla mtoto hajailalia. Muuza mboga mmoja alipewa Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku, akalalamika wiki tatu kwamba sukuma imeoza. Mwalimu akamwuliza, "Na jioni ulikula?" Akasema alikula hiyo sukuma ambayo haikuwa imeoza sana, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nilitaka Ar-Raqib, Mwangalizi, kwa sababu nilijiona tayari niko kwenye kazi hiyo. Akanipa As-Samii, Mwenye kusikia. "Kuna majina tunaweza kuokota kidogo," alisema akinitazama moja kwa moja. "Yeye ni Mwenye kurehemu, na wewe unaweza kurehemu mtu kwa kadiri yako. Lakini kuna majina ukijaribu kuyavaa yatakuzamisha. Kaa na hili la kusikia. Yeye anasikia mwanzo na mwisho. Sisi tunasikia mwanzo, tunaanza kujibu." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari jekundu, nikapiga mstari chini yake na alama ya kuuliza. Nilishuku kwamba amejua. Mpaka leo nashuku.

Somo ninalolikumbuka zaidi lilikuwa la majina yanayokwenda wawili wawili. Alichukua konzi ya unga wa mahindi kwenye debe lake, akafunga ngumi mbele yetu. "Al-Qabidh, Mwenye kuzuia." Akafungua, unga ukamwagika kwenye sinia. "Al-Basit, Mwenye kukunjua. Mkono ni mmoja. Haya ni majina ya wawili, kama viatu. Ukimwita Mwenye kuzuia peke yake, ukaacha lingine, hujamtaja, umemsingizia. Mtu anayetaja nusu anasema uongo na mdomo umejaa ukweli." Shangazi Habiba akasema subhanallah, kisha akauliza kama huo unga utapikwa au utamwagwa. Ulipikwa. Tulikula ugali ule na maziwa ya mgando, na nililamba vidole vyangu nikiwa na daftari limefichwa chini ya paja.

Kisha nikamfuata Kajiado. Hakuna aliyenituma, nilijituma mwenyewe. Ijumaa moja nilimwona amebeba sukari na majani ya chai, nikapanda basi lake nikakaa nyuma kabisa, nikashuka mjini Kajiado baada yake, nikatembea mbali kidogo kama mtu anayetafuta duka. Akaingia boma nyuma ya soko la mifugo. Alikuwapo bibi kizee mwenye shanga shingoni, ameketi kwenye kigoda kivulini mwa ukuta. Mwalimu wangu, yule wa hijabu na tajwidi, akapiga hatua mbele, akainamisha kichwa chini kabisa mbele ya yule kizee. Yule kizee akaweka mkono juu ya utosi wake, akanong'ona, kisha akatema mate kidogo, kidogo tu, kama unavyopuliza vumbi. Moyo wangu ulidunda kwa furaha. Ndiyo, nasema furaha. Nilitoa daftari papo hapo nikaandika: anainamia mtu, anatemewa mate, kunatajwa Enkai, Mungu wa Wamaasai. Kizee akaniona pale langoni, akaniita, "Takwenya!" Sikujua kwamba ni salamu tu, kwamba nilipaswa kujibu "Iko" kama mwanadamu yeyote. Nilidhani nimelogwa, nikakimbia. Mtoto yeyote wa Kajiado angenieleza kwamba ndivyo mtu mdogo anavyomwamkia mkubwa wake, anatoa kichwa kiguswe, na mate ya mzee ni baraka. Mimi ningeweza kumwuliza yeyote barabarani. Sikuuliza, kwa sababu mtu anayeshuku hataki jibu, anataka ushahidi. Kizee yule alikuwa mama yake mzazi.

Mwaka huo mvua zilikataa. Wamaasai walileta ng'ombe mpaka katikati ya Kitengela, nao ng'ombe wakala maboksi nyuma ya maduka, wakala ua wa watu, wakaanguka kando ya lami na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwaondoa. Harufu iliingia hata kwenye chai. Alhamisi moja mke wa fundi bomba alifika amelia. Alikuwa amempita ndama akinyonya mama aliyekufa. Akasema bila kuvua viatu, "Mwalimu, tumesoma Rahman, tumesoma Rahim. Huyo Mwenye rehema yuko wapi?" Kila mtu akaangalia zulia. Mwalimu alimmiminia kikombe cha chai. Kisha akasema, pole pole, "Mwaka kama huu, wazee wetu wanasema Enkai amekuwa Nanyokie. Mungu mwekundu. Mungu amekasirika." Nilishtuka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Niliandika neno kwa neno: Mungu mwekundu, Mungu amekasirika. Nikafunga daftari. Yeye akaendelea kusema, na sitawaficha, nilisikia kila neno mpaka mwisho, na wanawake wakafuta machozi, na mke wa fundi bomba akavua viatu akaketi. Lakini mimi nilishapata nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima, na sikuhitaji zaidi.

Mama Swaleh alisoma ukurasa ule amesimama jikoni kwake, akaketi, akausoma tena. "Astaghfirullah," akasema. "Anampa Mungu rangi." Akanipa kipande kikubwa cha nyama ya kukaanga, mimi peke yangu, kabla ya watoto wake. Jumapili tukaitwa msikitini, ofisi ndogo yenye meza moja na marundo ya mikeka: sheikh wetu, wazee wawili, Mama Swaleh, Mwalimu, na mimi na daftari. Sheikh hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na anaogopa kusemwa. Akasoma, akauliza, "Naserian, ulisema hivi?" Mwalimu akajibu, "Nilisema." Akauliza habari ya mtu anayeinamiwa Kajiado. "Ni mama yangu. Ninamwamkia." Mzee mmoja akaguna. Sheikh akauliza tena kama hayo ya Mungu mwekundu ndiyo anayofundisha wanawake. Mwalimu hakujitetea. Alinigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Rukia alikuwa hapo. Jina lake ni la kusikia. Awaambie nilichosema baadaye."

Wote wakanitazama. Ningeweza. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, mazima, sikupoteza hata moja. Lakini nilimwona Mama Swaleh anavyonitazama, nikafikiria nyama ile, nikafikiria kwamba nikisema nitakuwa msichana aliyeleta fitina, nitarudi kuwa wa kutumwa mafuta ya taa. Sheikh akasema, "Sema, mwanangu. Kulikuwa na kitu kingine?" Nikasema, "Sikumbuki."

Mwalimu alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Wakaamua darasa lisimame. Hakuna aliyetumia neno la kufukuza, lakini wiki iliyofuata wanawake walikuwa na sababu, huyu mtoto anaumwa, yule ana mgeni, na chai nyeupe ikapoa kwenye chupa mbili. Mwisho wa mwezi alihamia Kajiado na katoto kake ka miaka mitatu, huyu huyu Nashipai. Mvua ikanyesha siku chache baadaye, kubwa, mpaka tope likaingia kwenye duka la simiti. Mama Swaleh alisema mnaona, ameondoka tu na mvua imeshuka. Nilimsikia, na kwa mara ya kwanza nikamshuku yeye. Halafu nikajishuku mimi, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu kujishuku hakuna likizo.

Nimejifunza tangu wakati huo kwamba kosa lililo kati yangu na Mola wangu naweza kumwomba usiku na mchana na mlango uko wazi. Lakini kosa la mja liko mkononi mwa mja. Asiponisamehe Naserian, nimebaki nalo, nitakutana nalo mbele. Nililijua hilo na bado sikwenda. Niliolewa, nikahamia Kware kule Rongai, nikazaa, nikafundisha watoto madrasa, hata majina yenyewe nikafundisha. Nikifika kwenye As-Samii nilikuwa napita haraka. Mara moja nilimwona sokoni Kajiado, amezeeka, anachagua vitunguu. Nilijificha nyuma ya makreti ya nyanya za Kimana, mwanamke mzima na mkoba wangu, mpaka akaondoka. Nilijiambia nitakuja siku nyingine nikiwa nimejiandaa. Mtu anajiandaa miaka thelathini, jamani?

Nyumba ya msiba ilikuwa nyuma ya soko la mifugo, boma lile lile, sasa lina nyumba ya mawe. Wanaume walikwenda na jeneza, sisi tukabaki sebuleni, wanawake wa kila aina, wengine wa mtandio, wengine wa shanga, wengine majirani Wakikuyu waliokuja na sufuria zao. Nashipai akasimama katikati. Sura ya mama yake kabisa, ila masikio hayajatogwa. Akasema kama desturi ilivyo, "Mama alikuwa binadamu. Kama kuna mtu alimkosea kwa neno au kwa kitendo, tunaomba amsamehe." Chumba kizima kikaitika, "Tumemsamehe." Na mimi nikaitika. Midomo yangu ilitangulia. Nilikuwa nimemsamehe mtu niliyemkosea mimi, mbele ya mashahidi, na chai yao mkononi. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, nikaweka kikombe chini bila kumaliza chai.

Nikamfuata Nashipai jikoni, alikuwa anamimina maziwa kwenye sufuria ya chai, mengi, vile vile. Nikamwambia, "Mwanangu, namba yangu ulipata wapi?" Bado nilikuwa napekua mifuko. "Mama alikuwa nayo," akasema. "Aliitafuta kitambo, akaandika kwenye ukuta hapo karibu na kalenda. Alisema, nikienda, Rukia apigiwe wa kwanza, ako na kitu yangu." Nikauliza daftari amelijua vipi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Si ilikuwa msemo wa hapa nyumbani? Nikileta kazi ya shule nusu, mama alikuwa anasema, andika mpaka mwisho, usikuwe Rukia wa daftari. Hatukujua wewe ni nani. Tulikuwa tunadhani ni hadithi." Nikamwuliza lile lililonileta. "Alinisamehe?" Nashipai alikoroga chai, akafikiria kweli kweli, na namshukuru kwamba hakunidanganya. "Hiyo hakuniambia," akasema. "Alisema tu uko na kitu yake. Ni nini? Uliileta?"

Sikujua, na sijui, kama ulikuwa msamaha au ilikuwa samansi ya kuitwa mahakamani. Nilimjua mwanamke yule, angeweza kutuma vyote viwili kwa simu moja. Lakini nilielewa anachodai. Nikarudi sebuleni, nikasimama pale alipokuwa amesimama mwanawe, nikasema mimi ni Rukia, na mwaka wa ukame Kitengela Mwalimu alisema jambo, mimi nikapeleka nusu yake, akaondolewa kwenye darasa lake kwa sababu yangu. Mtu akasema, "Wee!" Nikasema nusu ya kwanza, ile ya Mungu mwekundu. Kisha nikasema iliyobaki, bila kupumua, kwa sauti yake na Kiswahili chake:

"Lakini wazee wetu walikuwa wanampaka Mungu rangi ya siku yao. Mvua ikinyesha wanamwona mweusi, jua ikichoma wanamwona mwekundu. Yeye hana rangi. Hakuna kitu inafanana na Yeye. Sisi ndio tunabadilika, Yeye ni yule yule, na mkono umefunga ndio huo huo utafungua. Kwa hivyo msimwite mwekundu, hata ng'ombe wote wakiisha. Mwiteni na majina alijiita mwenyewe. Na mkitaja moja inauma, msiache mwenzake."

Nashipai alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Bibi mmoja mwenye shanga aliyeketi pembeni akaniangalia juu chini, kwa shaka niliyoitambua vizuri, akauliza, "Naserian alisema hayo kweli? Ama unasema tu kwa sababu amekufa?"

"Aliyasema, mama," nikamjibu. "Nilikuwapo. Nakumbuka."